Birika la Mahad: Katiba ya India na Masomo ya Wahandisi

Neno katiba na neno mhandisi yote mawili yamewafikia Waswahili kwa njia ya Kiarabu, lakini asili zao ni mbalimbali. Katiba ni ndugu wa kitabu, katibu na maktaba. Shina lake ni kuandika. Waarabu wenyewe, wanapotaka kuitaja sheria mama ya nchi, husema dustur. Waswahili ndio waliolichagua neno la kalamu. Mhandisi ametoka mbali zaidi, kwani Waarabu nao walilipokea neno hilo kutoka kwa Waajemi, ambao kwao andaza ni kipimo. Basi katiba ni jambo lililoandikwa, na mhandisi ni mtu wa vipimo. Katika vyuo vingi duniani wawili hawa husomeshwa katika majengo tofauti, na aghalabu kila mmoja humaliza masomo yake bila ya kuukanyaga mlango wa mwenziwe.

India ni nchi iliyojaribu kuwakutanisha kwa amri. Mnamo Januari 2018 Baraza la India la Elimu ya Ufundi, linalosimamia maelfu ya vyuo, lilitoa mtaala wa mfano wa shahada ya uhandisi, na ndani yake likaweka Katiba ya India kuwa somo la lazima. Tangu hapo kijana aliyekuja kujifunza umeme, mitambo au ujenzi hutakiwa kujua pia haki za msingi za raia, wajibu wake, mgawanyo wa madaraka na namna Bunge linavyoweza kuibadili sheria mama. Wapo walioona kuwa huko ni kumpotezea mwanafunzi wakati. Ila historia ya nchi hiyo inaonyesha kwamba amri ya mwaka 2018 haikuvumbua uhusiano mpya. Ilikumbusha uhusiano wa zamani, nayo ilichelewa.

Kwa wasomaji wa visiwani jambo hili si la mbali. Tarehe 6 Novemba 2023 ilifunguliwa rasmi Bweleo, Unguja, kampasi ya Chuo cha Teknolojia cha Madras, mojawapo ya vile vyuo vya India vinavyojulikana kwa herufi tatu, IIT. Ilikuwa mara ya kwanza kwa vyuo hivyo kuweka kampasi nje ya India. Kwa karne nyingi majahazi ya Kachi yalileta Unguja nguo na mafundi. Sasa imeletwa skuli ya wahandisi. Mgeni akija na mzigo, ni vyema mwenyeji ajue mzigo huo umefungwa wapi na umepita njia gani.

Mzigo huu ulifungwa gerezani. Mnamo mwaka 1930 serikali ya Kiingereza ilianzisha kambi ya kizuizini Hijli, karibu na Kharagpur katika Bengal, kwa ajili ya vijana waliopinga utawala wake. Usiku wa tarehe 16 Septemba 1931 polisi waliwafyatulia risasi mahabusu wasiokuwa na silaha, na wawili wakafa: Santosh Kumar Mitra na Tarakeswar Sengupta. Subhas Chandra Bose alifika kuzichukua maiti zao, na mshairi Rabindranath Tagore alipaza sauti yake kulaani mauaji hayo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1951, jengo lile lile la kizuizini likawa makao ya chuo cha kwanza cha IIT. Jawaharlal Nehru alipohutubia mahafali ya kwanza hapo mwaka 1956, aliwaambia wahitimu kwamba mahali pale palipokuwa kambi ya kizuizini pamegeuka kuwa ishara ya matarajio ya taifa. Madarasa ya mwanzo yalikuwa ndani ya kuta zilizojua maana ya kufungwa bila ya kuhukumiwa. Hakuna mhadhara wa haki za binadamu unaoweza kupata ubao mzuri kuliko huo.

Katiba nayo ilikwisha kuwatambua. Ilipitishwa tarehe 26 Novemba 1949, ikaanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ikiwa na ibara 395. Katika orodha ya mambo yaliyowekwa mikononi mwa Serikali Kuu, imezitaja taasisi za elimu ya sayansi na ufundi ambazo Bunge litazitangaza kuwa na umuhimu wa kitaifa. Kwa kutumia mamlaka hayo Bunge liliitungia Kharagpur sheria yake mwaka 1956. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa chuo hicho anayesema kwamba Katiba haimhusu, anakana hati iliyotoa uhai kwa darasa alilokalia.

Lakini undani wa uhusiano huu hauko katika sheria za kuanzisha vyuo. Uko katika maji.

Bhimrao Ramji Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuiandika rasimu ya Katiba, alizaliwa mwaka 1891 katika ukoo wa Mahar, watu ambao Wahindu wa matabaka ya juu waliwahesabu kuwa najisi. Katika kumbukumbu zake amesimulia kwamba skulini hakuruhusiwa kuugusa mfereji wa maji. Wenzake wakiona kiu walikwenda kuufungua wakanywa; yeye alihitaji tarishi wa skuli aje amfungulie, na siku ambayo tarishi hakuwapo, hakunywa. Mfereji ule ulikuwa mzima. Bomba lilikuwa limelazwa vizuri, na maji yalikuwamo. Kwa hesabu za fundi, kazi ilikuwa imekamilika. Kwa mtoto yule, ilikuwa kana kwamba maji hayakuletwa kabisa.

Alipokuwa mtu mzima na mwanasheria, jambo hilo hilo lilimrudia kwa sura kubwa zaidi. Katika mji wa Mahad palikuwa na birika la maji liitwalo Chavdar. Halmashauri ya mji ilikuwa imekwisha kuamua kwamba birika hilo liko wazi kwa watu wote, lakini hapana mtu wa matabaka ya chini aliyethubutu kulisogelea. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu hadi ukingoni, akainama, akateka maji kwa kiganja akanywa. Wenye mji walighadhibika, wakawapiga waandamanaji, kisha wakalitakasa birika kwa mkojo na samadi ya ng'ombe, ambavyo kwao vilikuwa safi kuliko mkono wa binadamu yule. Kesi ilisikilizwa kwa miaka kumi. Mwaka 1937 ndipo Mahakama Kuu ya Bombay ilipotamka kwamba wenye matabaka hawakuwa na haki ya kuwazuia wengine.

Mtu huyo aliyanywa maji ya Mahad, lakini pia aliyapanga maji ya taifa. Kati ya mwaka 1942 na 1946 alikuwa mjumbe wa Baraza la Gavana Mkuu, mwenye dhamana ya kazi, na katika dhamana hiyo yalikuwamo mambo ya umwagiliaji na umeme. Alishiriki katika mipango ya kulidhibiti bonde la mto Damodar kwa mabwawa ya kuzuia mafuriko na kuzalisha umeme, mradi uliopata shirika lake mwaka 1948. Aliyeiandika rasimu ya Katiba, basi, alikuwa amekwisha kukaa meza moja na wahandisi, akizisikiliza hesabu zao za kina cha maji na nguvu ya mitambo.

Ndiyo sababu ibara ya 15 ya Katiba ya India inashangaza inaposomwa na mtu wa vipimo. Katiba nyingi zinapokataza ubaguzi huishia katika maneno ya jumla: usawa, utu, heshima. Ibara hiyo inashuka hadi chini, ikataja visima, mabirika, mahali pa kuogea, barabara na mahali pa mikusanyiko, vilivyotengenezwa au kutunzwa kwa fedha za umma, na kuamuru kwamba raia hatazuiwa kuvitumia kwa sababu ya dini yake, tabaka lake, jinsia yake au mahali alipozaliwa. Hiyo ni orodha ya kazi za mhandisi wa halmashauri. Nayo ibara ya 17 ikapiga marufuku moja kwa moja desturi ya kuwahesabu watu kuwa hawagusiki. Mtoto aliyekosa maji skulini alikuwa ameyatia machozi yake katika lugha ya sheria, na lugha hiyo ilikuwa ya mifereji na njia.

Ambedkar hakujidanganya kwamba kuandika kunatosha. Novemba 1948, akiiwasilisha rasimu, alilionya Bunge la Katiba kwamba maadili ya kuiheshimu katiba hayamo katika maumbile ya watu, ni jambo la kupaliliwa. Mwaka mmoja baadaye aliongeza kwamba siku Katiba itakapoanza kazi, taifa litaingia katika maisha ya kupingana: katika siasa kila mtu atakuwa na kura moja yenye thamani moja, lakini katika maisha ya jamii na uchumi watu watabaki kutolingana. Kinachopaliliwa hakina budi kuwa na mpaliliaji. Swali likawa: nani atakayewafundisha wale wanaojenga?

Majibu yalikuja kidogo kidogo. Vyuo vya IIT viliyapa nafasi masomo ya fasihi, falsafa na elimu ya jamii tangu miaka ya mwanzo, ingawa mwanafunzi aliweza kuvipita vyote hivyo bila ya kuifungua Katiba yenyewe. Mwaka 1976 marekebisho ya 42 yaliingiza wajibu wa raia, na mmojawapo ni kukuza moyo wa kisayansi, ubinadamu na ari ya kuuliza na kurekebisha. Ni maneno mazuri, lakini yaliandikwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Juni 1975, wapinzani wakiwa magerezani na magazeti yakikaguliwa kabla ya kuchapwa. Raia aliamrishwa kuuliza katika mwaka ambao kuuliza kulimpeleka mtu kizuizini. Mwalimu wa Katiba akiificha habari hiyo, atakuwa amefundisha nusu ya ibara.

Kisha Mahakama ya Juu ikaingia darasani. Mwaka 1991, katika kesi iliyofunguliwa na mwanasheria M. C. Mehta, iliagiza elimu ya mazingira ifundishwe katika ngazi zote, na baadaye somo hilo likawa la lazima vyuoni. Katika miaka ya 2000 chuo kikuu cha ufundi cha jimbo la Karnataka kiliwasomesha wahandisi wake Katiba pamoja na maadili ya kazi. Hatimaye ikaja amri ya mwaka 2018. Lakini amri hiyo ilikuja na kasoro iliyoonekana tangu siku ya kwanza: somo lilikuwa la lazima, ila halikuwa na uzito wowote katika hesabu ya alama za shahada. Mwanafunzi anajua kupima. Akiona somo halina uzito, hulipa bidii inayolingana nao. Ibara hukaririwa usiku mmoja kabla ya mtihani, na asubuhi yake husahaulika.

Kasoro ya alama, hata hivyo, ni ndogo kuliko kasoro ya njia. Katiba ikifundishwa kuwa ni orodha ya ibara, mbali na karakana, itabaki mgeni hata ikipewa alama mia. Mifano ya kuiingiza karakanani haikosekani, na mitatu inatosha.

Mfano wa kwanza ni mashine ya kupigia kura. Mwaka 1982, katika jimbo la uchaguzi la Parur huko Kerala, mashine za umeme zilitumika kwa mara ya kwanza, katika vituo 50. Mtambo ulifanya kazi. Aliyeshindwa akaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria ya uchaguzi ilizungumzia karatasi na masanduku, wala Tume ya Uchaguzi haikuwa na uwezo wa kuibadili sheria kwa agizo lake. Kura zikapigwa upya katika vituo hivyo, na mshindi akawa mwingine. Mashine ikakaa kabatini mpaka Bunge lilipoirekebisha sheria, na marekebisho yakaanza kutumika mwaka 1989. Mhandisi anayeisoma kesi hiyo hujifunza jambo ambalo hakuna kitabu cha umeme kitakachomfundisha: chombo kinaweza kuwa sahihi na bado kikawa si halali.

Mfano wa pili ni Bhopal. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilitoroka katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu, ikaua maelfu ya watu waliokuwa wamelala na kuwaachia wengine maradhi ya maisha. Mwaka mmoja baadaye gesi nyingine ilivuja kiwandani mjini Delhi. Katika hukumu ya Desemba 1986 Mahakama ya Juu ikaweka kanuni kwamba mwenye shughuli ya hatari hubeba dhamana kamili kwa madhara yake, wala hatasikilizwa akisema kwamba alichukua hadhari zote. Kesi ililetwa kwa msingi wa ibara ya 21, ibara fupi inayolinda uhai wa mtu. Kuanzia hapo unene wa bomba, ubora wa vali na umbali wa kiwanda kutoka kwenye nyumba za watu haukuwa tena suala la gharama peke yake.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote, kwa sababu unarudi kwenye maji na tabaka. Miji ya India ilichimbiwa mitaro ya majitaka yenye chemba za kuingilia. Aliyezichora alijua kwamba zitaziba, na kwamba lazima kitu kiingie kuzizibua. Kilichoingia kilikuwa mtu, na mtu huyo karibu kila mara alikuwa wa yale matabaka ambayo ibara ya 17 ilisema hayapo tena. Bunge lilipiga marufuku kazi ya kuzoa kinyesi kwa mikono mwaka 1993, likairudia marufuku hiyo kwa sheria kali zaidi mwaka 2013. Watu wakaendelea kufa kwa hewa chafu chini ya barabara. Machi 2014 Mahakama ya Juu iliagiza kila familia iliyofiwa tangu 1993 ilipwe rupia milioni 1. Oktoba 2023 ikapandisha fidia hadi rupia milioni 3 na kutaka kazi hiyo ikomeshwe kabisa.

Hapa ndipo yanapokutana yale maneno mawili. Ibara ya 17 haikuvunjwa na mtu mwovu aliyesimama hadharani kuitukana. Ilivunjwa na mchoro. Chemba yenye upana wa mabega ya mtu, isiyo na nafasi ya mashine, imekwisha kuamua kwamba patahitajika binadamu wa kuteremka. Na jamii iliyorithi matabaka imekwisha kuamua ni binadamu yupi. Mchoraji hakuwa na chuki na mtu. Hakuulizwa tu, wala hakufundishwa kujiuliza, nani atakayeingia.

Na wapo waliojiuliza. Mwaka 2015 watu watatu walikufa ndani ya chemba mjini Kozhikode, Kerala, mmoja wao akiwa dereva wa bajaji aliyeteremka kuwaokoa wawili wasiomhusu kwa ndugu wala jamaa. Vijana wa jimbo hilo waliosomea uhandisi wakashika kazi ya kutengeneza roboti ya kuzibua chemba, na mwaka 2018 ikaanza kutumika Thiruvananthapuram. Ulikuwa mwaka ule ule wa amri ya mtaala. Vijana hao hawakuhitaji amri, lakini taifa haliwezi kusubiri kila kizazi kifiwe ndipo kijifunze.

Kuna hoja ya upinzani inayostahili kusikilizwa. Inasemwa kwamba serikali ikiifanya katiba kuwa somo la lazima, inaweza kuigeuza kuwa wimbo wa utii: wajibu ukasisitizwa, haki zikapitwa mbio, na mwanafunzi akatoka na heshima isiyo na maswali. Hofu hiyo ina msingi, na yale marekebisho ya mwaka 1976 ni ushahidi wake. Lakini dawa yake si kulifuta somo. Dawa ni kulifundisha kwa kesi, zile ambazo serikali ilishinda na zile ambazo ilishindwa, na kumpa mwanafunzi mchoro wa chemba pamoja na ibara ya 17 katika meza moja, kisha kumwachia penseli.

Suala hilo sasa limeuvuka bahari. Amri ya mwaka 2018 haivifungi vyuo vya IIT, vinavyojipangia mitaala yao. Na hata ingevifunga, wanafunzi wa Bweleo wana sheria mama zao: Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Bweleo ilianza kwa kusomesha sayansi ya data na akili bandia, elimu ambayo malighafi yake ni habari za watu. Nchini India, serikali ilipokusanya alama za vidole na picha za mboni za raia, ilidai mahakamani kwamba Katiba haikuitaja faragha. Ilihitajika hukumu ya majaji tisa, tarehe 24 Agosti 2017, kutamka kwamba faragha imo ndani ya haki ya uhai na uhuru. Tanzania haikuhitaji kuitafuta kati ya mistari. Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake; nayo imeandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo kijana wa Makunduchi au wa Wete hahitaji mkalimani kuielewa.

Nakala ya asili ya Katiba ya India iliandikwa kwa mkono na mwandishi wa hati, Prem Behari Narain Raizada, na kurasa zake zikapambwa na Nandalal Bose na wanafunzi wake wa Santiniketan. Imehifadhiwa Delhi katika kasha la kioo lililotolewa oksijeni, ili wino usififie na karatasi isioze. Kasha hilo ni kazi ya watu wa vipimo, na wameifanya vizuri. Lakini kasha hulinda karatasi peke yake. Maneno yaliyomo yako nje, kwenye mifereji ya skuli, na hulindwa au huvunjwa kila siku na yule anayeamua bomba lipite wapi.